Joy Adamson: Alilea watoto watatu wa simba, akabaki na mmoja

Tuseme umechukua likizo, umetoka Nairobi na sasa uko nyumbani Kosele, upande wa Oyugis. Rafiki yako anakuletea zawadi ndani ya katoni: watoto watatu wa mbwa. Mmoja ni shepadi, wa pili ana damu ya rotwaila, na wa tatu ni mbwa wa kawaida tu wa pale kijijini. Wote wanalia njaa, wote wanapendeza, na wewe tayari unawaza vile utawapiga picha uweke mtandaoni. Sasa, utawabeba wote watatu hadi kwa ile ploti yako ya mjini?

Kabla hujajibu, hebu tulia kidogo usikie maisha ya mwanamke aliyewahi kuletewa mzigo kama huo. Wake haukuwa wa mbwa. Ulikuwa wa simba.

Huenda jina la Joy Adamson umelisikia shuleni, au umeliona kwenye picha za kuchorwa zilizoko Makavazi ya Kitaifa, Nairobi. Jina lake la kuzaliwa ni Friederike Viktoria Gessner. Alizaliwa Januari 20, 1910 katika mji wa Troppau, ambao wakati huo ulikuwa chini ya himaya ya Austria. Leo mji huo unaitwa Opava na uko katika Jamhuri ya Czech. Wazazi wake walitengana akiwa bado mdogo, akalelewa na nyanya yake.

Alifika Kenya mwaka wa 1937. Mume wake wa pili, Peter Bally, alikuwa mtaalamu wa mimea, na ndiye aliyempa jina la Joy. Akiwa naye alijifunza kuchora maua ya humu nchini kwa umakini wa ajabu. Baadaye serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa jamii mbalimbali za Kenya, Waluo wakiwemo, wakiwa wamevalia mavazi na mapambo yao ya jadi. Alichora mamia ya picha hizo. Kwa hivyo usidhani alijulikana kwa sababu ya simba peke yake. Hata kama Elsa asingezaliwa, bado tungekuwa na sababu ya kumkumbuka.

Mwaka wa 1944 aliolewa na George Adamson, afisa wa wanyamapori aliyekuwa na makao Isiolo. Eneo lake la kazi lilikuwa lile jimbo kubwa la kaskazini, ambako unaweza kuendesha gari siku nzima bila kukutana na mtu. Joy hakujaliwa mtoto. Nyumbani kwake kulikuwa na pimbi, yule mnyama mdogo wa mawe, aliyeitwa Pati. Pati alikuwa ameishi na Joy miaka kadhaa na alikuwa na raha zake kama bibi wa nyumba.

Halafu ikafika Februari 1, 1956. George alikuwa ametumwa kumsaka simba aliyemuua mtu wa jamii ya Waborana. Yeye na mwenzake walishambuliwa na simba jike, wakampiga risasi. Walipomkagua ndipo walipogundua kwamba alikuwa ananyonyesha. Walitafuta kati ya mawe hadi wakawapata watoto watatu, wote wa kike, wakiwa bado wadogo sana. George aliwabeba akaenda nao hadi kwa Joy.

Hapo ndipo shughuli ilianza. Siku mbili za kwanza watoto wale walikataa maziwa ya mkebe kabisa. Hapakuwa na duka la karibu la kununua chupa ya kunyonyesha, kwa hivyo Joy alichomoa kipande cha mpira kwenye redio yake akakitumia kama chuchu. Walipokubali kunyonya, walitaka maziwa kila baada ya saa chache, mchana na usiku. Ndani ya maziwa aliongeza mafuta ya samaki, glukosi, unga wa mifupa na chumvi kidogo. Ukiwahi kusikia mtu akisema kulea mtoto wa mnyama ni kumpa tu mabaki ya ugali, mwambie ajaribu hiyo ratiba wiki moja.

Na sasa angalia jambo ambalo mtu anayelea watoto kadhaa kwa pamoja huliona mapema. Hawa walikuwa ndugu wa tumbo moja, lakini kila mmoja alikuja na tabia yake. Yule mkubwa, ambaye walimwita Big One, alikuwa na ubabe wa mkubwa. Lustica alikuwa mcheshi. Wa tatu alikuwa mdogo na dhaifu kuliko wote, lakini ndiye aliyekuwa na udadisi na ujasiri. Huyo aliitwa Elsa. Kama ndugu wa damu wanatofautiana hivyo, jiulize itakuwaje kwa shepadi, rotwaila na mbwa wa kijijini waliowekwa kwenye kibanda kimoja. Watatofautiana kwa kasi ya kukua, kwa kiasi cha chakula, kwa hasira na hata kwa uoga. Ukiwawekea sahani moja, mwenye nguvu atashiba, na yule mnyonge utakuja kumgundua akiwa tayari amekonda.

Pati naye aligeuka yaya. Mwanzoni mnyama huyu mdogo aliwazidi simba wale kwa umri na kwa mamlaka, na aliwavumilia walipomvuta na kumrukia. Lakini simba hukua haraka. Kila wiki walizidi kuwa wazito, mchezo wao ukawa wa kuangusha watu, na vitu vya nyumbani havikusalimika.

Walipofikisha takriban miezi mitano, Joy na George waliketi chini wakakubaliana na ukweli ambao hakuna anayeupenda. Watatu walikuwa wengi mno. Wangeweza kumudu mmoja tu. Big One na Lustica walisafirishwa kwa ndege hadi bustani ya wanyama ya Blijdorp, mjini Rotterdam, Uholanzi. Elsa akabaki. Yaani yule dhaifu, ambaye wengi wetu tungemtoa wa kwanza, ndiye aliyebakizwa.

Usiipite hapa haraka. Wawili wale waliishi maisha yao yote wakiwa wamefungiwa, katika nchi ya baridi, na dada yao akaja kuwa simba maarufu kuliko wote duniani. Hakuna aliyewauliza. Aliyewalea ndiye aliyeamua, na uamuzi ulifanywa wakati tayari walikuwa wamezoea mkono wake. Ukiwachukua wale watatu wa Kosele leo kisha baada ya miezi mitano landilodi akuambie utoe wawili, utakuwa umefika mahali Joy alifika. Tofauti ni kwamba wewe ungeweza kupiga hesabu hiyo kabla katoni haijafika mlangoni.

Elsa alipobaki peke yake, alihuzunika kwa kuwakosa dada zake, na upendo wake wote akauhamishia kwa Joy. Wafugaji wa mbwa wanaijua hali hii. Watoto wanaolelewa pamoja mara nyingi hushikamana wao kwa wao hadi wasimsikize mwenye nyumba. Ndiyo maana hushauriwa kila mmoja apewe muda wake wa kutembezwa na kufunzwa peke yake. Elsa alisafiri na akina Adamson kila mahali, akikaa juu ya Land Rover, hadi Ziwa Turkana na hadi ufukweni Pwani.

Alipokuwa mkubwa, swali la pili likabisha hodi: apelekwe bustani ya wanyama kama dada zake, ama arudishwe porini? Watu wengi waliamini simba aliyelelewa na binadamu hawezi kuishi porini. Jaribio la kwanza, upande wa Maasai Mara, halikufaulu na Elsa akaugua. Wakamhamishia Meru. Huko walimfundisha kwa miezi kuwinda na kujitegemea, na akafaulu. Desemba 1959 alizaa watoto watatu aliopata na simba wa porini, kisha akawaleta kumwonyesha Joy. Waliitwa Jespah, Gopa na Little Elsa. Safari hii Joy alijizuia. Hakutaka kuwafuga wala kuwazoesha mikono ya binadamu. Alikuwa amejifunza, na hilo ni jambo gumu kwa mtu mwenye moyo kama wake.

Mwaka wa 1960 kitabu chake, Born Free, kilitoka na kusambaa duniani kote. Filamu ya jina hilo ilifuata mwaka wa 1966. Pesa nyingi alizopata alizielekeza kwenye kazi ya kuhifadhi wanyamapori.

Lakini Elsa hakuishi kuziona sifa hizo kwa muda mrefu. Alikufa Januari 1961, akiwa na umri wa karibu miaka mitano tu. Hakuuawa na mwindaji wala na simba mwingine. Aliuawa na babesia, ugonjwa unaoletwa na kupe. Simama hapo kidogo, maana jamaa ya ugonjwa huo huo huua mbwa hapa kwetu. Yule mtoto wa mbwa unayemwona amechoka, ufizi umekuwa mweupe na mkojo umekuwa mweusi-mweusi, usimngoje apone mwenyewe. Mpeleke kwa daktari wa mifugo. Na kama una watatu, ujue dawa ya kupe ni ya watatu, na chanjo ya kichaa cha mbwa ni ya watatu.

Watoto wa Elsa, wakiwa yatima wa mwaka mmoja hivi, walianza kuvamia mifugo ya wanavijiji. Mwenye mbuzi hajali mama yako aliandikwa kitabuni. Ilibidi wakamatwe na kuhamishiwa Serengeti, Tanzania, mwaka huo wa 1961. Joy aliwatafuta huko kwa muda mrefu.

Hakuacha kulea. Baadaye alimlea duma aliyeitwa Pippa, akamrudisha porini Meru, na miaka ya sabini akamlea chui Penny katika hifadhi ya Shaba. Simba, duma, chui: alichukua mmoja mmoja, kila mmoja kwa wakati wake na kwa mbinu zake. Baada ya wale watatu wa 1956, hakujazana tena nyumba.

Kuna upande mwingine ambao lazima uujue. Mwanamke huyu aliyeweza kusoma macho ya simba hakuwa mwepesi kwa binadamu. Yeye na George waliishi mbalimbali kwa miaka mingi, na aligombana mara kwa mara na waliomfanyia kazi. Januari 3, 1980 alipatikana amekufa huko Shaba. Mwanzoni ilidhaniwa ameuawa na simba. Uchunguzi ukaonyesha majeraha yalikuwa ya silaha, na mahakama ilimtia hatiani mfanyakazi wake wa zamani kwa mauaji. George naye aliuawa na majambazi huko Kora mnamo Agosti 1989.

Nyumba yake kando ya Ziwa Naivasha, Elsamere, bado ipo na unaweza kuitembelea. Kaburi la Elsa liko Meru.

Sasa turudi kwa ile katoni ya Kosele. Sikwambii uwakatae watoto wale. Pengine una boma, una muda, na una mtu wa kukusaidia ambaye utamlipa vizuri na kwa wakati. Basi wachukue, kila mmoja na sahani yake. Lakini kama unaishi chumba kimoja mjini na unarudi saa mbili usiku, chukua mmoja, na wale wengine wawili uwatafutie makao kule kule kabla hawajakuzoea. Ukishindwa kuchagua, mwangalie yule mdogo aliyejibanza kwenye kona. Huwezi jua.