John Muir: Mtu Aliyemlaza Rais Msituni

Mtu wa pwani haijui baridi mpaka ailale. Mimi nimezaliwa Mombasa, nikakulia Mombasa, na mvi zimeniotea papo hapo. Baridi niliyoijua umri wangu wote ni ile ya kusi ya mwezi wa Julai, ambayo mtu huimaliza kwa kujifunika shuka mbili. Basi mpwa wangu, ambaye kazi imempeleka Nanyuki, aliponialika tukalale siku mbili katika msitu wa Mlima Kenya, nilicheka. Nilimjibu kwamba mlima ni kama mwezi, hutazamwa kwa mbali. Hakunisikiliza. Alikuja kunipokea na koti la kuazima, soksi jozi tatu na kofia ya sufi iliyonifika mashavuni.

Kambi tuliyofikia huitwa Met Station, katika njia ya Naro Moru, yapata futi 10,000 juu ya bahari. Msomaji asidhani kuna hoteli huko. Kuna vibanda vya mbao, vitanda vya kupandana, bomba la maji na choo cha shimo, basi. Chini ya kambi ni msitu wa mianzi, na juu yake njia ya miguu inaingia katika kinamasi cha kupanda ambacho wapanda mlima wote hukilaani. Jua likizama hapana taa, hapana gari, wala muadhini hasikiki. Maji ya udhu wa alfajiri yaliniuma vidole kama siafu.

Usingizi ulinikataa. Usiku wa manane nikatoka nje na blanketi langu, nikaketi juu ya gogo. Nyota zilikuwa karibu hata nikaona haya kuzitazama. Hapo ndipo aliponijia moyoni mtu ambaye habari zake nimezisoma miaka mingi nikidhani nimezielewa, kumbe nilizisoma tu. Mtu huyo ni John Muir, ambaye Wamarekani humwita baba wa mbuga zao za taifa. Usiku ule niliona kwamba haifai kumweleza mtu huyu kwa anayelala juu ya godoro, nami nikaazimia nikirudi nimweleze hivyo hivyo.

Mtoto wa pwani

John Muir naye alikuwa mtoto wa pwani. Alizaliwa tarehe 21 Aprili 1838 katika mji wa Dunbar, Uskoti, ukingoni mwa bahari yenye mawimbi makali. Baba yake, Daniel, alikuwa mtu wa dini asiyejua mzaha. Kijana alihifadhishwa Agano Jipya lote kwa moyo, na sehemu kubwa ya lile la Kale, na fimbo ilikuwa karibu wakati wote. Wale kati yetu waliosoma chuoni kwa mwalimu mkali hawana haja ya kuelezwa zaidi.

Mwaka 1849 jamaa yote ilihamia Marekani, katika jimbo la Wisconsin, ikafyeka msitu na kulima. Baba aliamuru kisima kichimbwe, naye John akakichimba peke yake kwa nyundo na patasi, mwamba kwa mwamba, hata kikafika futi 90. Siku moja hewa chafu iliyotuama chini ilimlewesha, akaponea chupuchupu. Alipopata nguvu, alirudishwa kisimani kumaliza kazi. Vitabu alivisoma saa ambazo wenziwe walilala, na katika saa hizo hizo alitengeneza saa za mbao, na hata kitanda kilichomwinua mlalaji akasimama wima asubuhi ikifika. Ufundi huo ulimfungulia njia ya Chuo Kikuu cha Wisconsin, ingawa aliondoka bila shahada.

Jicho

Pengine angekufa tajiri mwenye viwanda, lau si mkasa wa Machi 1867. Alikuwa Indianapolis, katika kiwanda cha vifaa vya magari ya farasi. Chombo kilimponyoka mkononi, ncha yake ikamchoma jicho la kulia. Baada ya muda jicho la kushoto nalo likafifia kwa kumwonea mwenzake huruma. Kijana wa miaka 28 akalazwa katika chumba cha giza majuma kadhaa, hajui kama ataona tena.

Alipona. Lakini aliyetoka chumbani hakuwa yule aliyeingia. Aliapa kuutumia mwanga aliorudishiwa kutazama kazi za Muumba, si mashine. Septemba mwaka huo huo alishika njia kwa miguu kutoka Kentucky hadi ghuba ya Mexico, mwendo wa maili 1,000 hivi. Alipofika Savannah fedha zilimwishia, akalala makaburini siku kadhaa akingoja zaidi kutoka nyumbani, maana aliona kwamba huko wezi hawatamfuata. Huko Florida malaria ilimwangusha. Shabaha yake ilikuwa kufika mto Amazon, lakini mwili ulikataa. Akageuza safari, akafika California mwaka 1868.

Huko aliuona mlima wake. Ni safu iitwayo Sierra Nevada, na katikati yake bonde la Yosemite, lenye kuta za mawe na maporomoko yanayoanguka kutoka mawinguni. Mwaka 1869 aliajiriwa kufuata kondoo wa mtu mpaka malisho ya juu. Baadaye alifanya kazi katika mashine ya kupasulia mbao, akajenga kibanda chenye kijito kilichopita ndani yake, apate kulala akisikia maji. Akipanda mlimani alichukua mkate na majani ya chai, mara nyingi bila blanketi, bila bunduki. Kitanda chake kilikuwa matawi ya misonobari.

Wasomi wakubwa wa wakati huo walishikilia kwamba bonde lile liliundwa kwa ardhi kudidimia ghafula. Muir alisema lilichongwa na mito ya barafu. Walimdharau wakimwita mchunga kondoo, lakini mwaka 1871 aliikuta barafu iliyo hai mlimani, na sayansi ya baadaye ikampa haki kwa sehemu kubwa.

Usiku tatu

Alioa mwaka 1880, akapata mabinti wawili, akalima matunda na kupata mali. Lakini kila alipopanda mlimani alikuta kondoo wamekula malisho na mashoka yamekula miti. Mwaka 1889 alimchukua mhariri mmoja wa gazeti, Robert Underwood Johnson, wakalala pamoja huko juu. Mhariri aliporudi mjini, makala za Muir zikatoka, na tarehe 1 Oktoba 1890 Yosemite ikawa mbuga ya taifa. Mwaka 1892 Muir na wenziwe wakaanzisha chama cha Sierra Club, naye akawa rais wake mpaka kufa.

Hata hivyo bonde lenyewe lilikuwa bado mikononi mwa serikali ya jimbo, nayo haikulitunza. Ndipo Mei 1903 alipokuja Rais wa Marekani, Theodore Roosevelt. Wakubwa wa mahali walimwandalia karamu na kitanda chema. Rais aliwakwepa, akaenda na Muir msituni. Usiku wa kwanza walilala chini ya sequoia, miti iliyokuwa mizee tayari kabla ya miji yetu ya pwani kujengwa. Usiku wa pili, karibu na Glacier Point, theluji iliwaangukia, na Rais akaamka amefunikwa nayo, mwenye furaha kama mtoto wa sikukuu. Usiku wa tatu walilala bondeni, penye uwanja wa majani.

Muir hakumpelekea Rais waraka wala ujumbe wa wazee. Alimpelekea moto wa kuni na usiku tatu. Mwaka 1906 bonde lilitiwa katika mbuga ya taifa, na Roosevelt alipoondoka madarakani mwaka 1909 alikuwa ameweka chini ya hifadhi ardhi ipatayo ekari milioni 230.

Njia ya Mombasa

Inasimuliwa kwamba mbele ya moto ule Muir alimwuliza Rais ni lini ataacha utoto wa kuua wanyama. Jibu alilipata hapa kwetu. Aprili 1909 Roosevelt alishuka bandarini Mombasa na bunduki zake, akapanda gari moshi kwenda bara, na katika safari hiyo yeye na mwanawe waliua wanyama 512.

Muir naye alikuja. Agosti 1911, akiwa na miaka 73, alianza safari aliyoikosa ujanani. Alifika Amazon, miaka 44 baada ya homa ile ya Florida. Kisha akavuka bahari mpaka Afrika Kusini, akaenda kwenye maporomoko ya Victoria kwa haja moja iliyokuwa kubwa kwake kuliko maporomoko yenyewe: kuuona mbuyu. Siku aliyoiona mibuyu aliihesabu miongoni mwa siku kubwa za maisha yake. Kutoka Beira alipanda meli, na mapema mwaka 1912 akafika Mombasa. Alipanda gari moshi lile lile, akavuka ziwa, akaiona Nile inapoanzia Jinja, akarudi Mombasa na kushika njia ya Bahari ya Shamu. Hakuwa na bunduki. Alikuwa na daftari.

Mzee huyo alipita katika mji wetu, wenye mibuyu ya kutosha, na sidhani kama kuna aliyegeuka kumtazama.

Alipokosea, na aliposhindwa

Si haki kumsifu mtu bila kusema upungufu wake. Bonde la Yosemite lilikuwa na wenyewe, Wahindi Wekundu waitwao Ahwahneechee, ambao mwaka 1851 walifukuzwa kwa nguvu na makazi yao kuteketezwa. Walikuwa wakilala chini ya miti ile vizazi na vizazi, lakini Muir aliyeona uhai katika jiwe aliandika juu ya baadhi ya Wahindi kwa dharau. Mwaka 2020 chama alichokianzisha kilikiri hadharani kosa hilo. Jambo hili linatuhusu. Msitu niliolala usiku ule uliwalaza wapiganaji wa Mau Mau miaka ya 1950. Na kaya za ndugu zetu Wamijikenda, ambazo mwaka 2008 zilitiwa katika orodha ya urithi wa dunia, hazikuhifadhiwa na mgeni. Zilihifadhiwa na wazee wao.

Kushindwa kwake kulikuwa mwisho wa maisha. Baada ya tetemeko na moto wa mwaka 1906, mji wa San Francisco ulitaka kuzamisha bonde la Hetch Hetchy, lililokuwa ndani ya mbuga ile ile, upate maji. Muir alipigana miaka saba. Desemba 1913 sheria ilipitishwa dhidi yake, na baadaye bonde likafunikwa na maji. Sisi wa Mombasa, tunaokunywa maji ya chemchemi ya Mzima iliyo ndani ya mbuga ya Tsavo, hatuwezi kuwacheka wenye kiu. Lakini Muir alilala katika bonde lile, na aliyelala mahali huomboleza tofauti na aliyepaona kwenye ramani. Alikufa kwa homa ya mapafu mjini Los Angeles, tarehe 24 Desemba 1914, mwaka mmoja baada ya kushindwa.

Niliyoyakumbuka juu ya gogo

Sasa niseme langu. Babu yangu alituachia shamba upande wa kaskazini ya kisiwa, na katikati yake mbuyu ambao watu wanane hawakuweza kuukumbatia. Mchana tulicheza chini yake. Jua likizama tuliukimbia, tukihofia mashetani. Nilipokuwa mtu mzima nikauza shamba. Mnunuzi aliniuliza kama nina sharti lolote, nikasema sina. Mbuyu ulichukua siku nne kuangushwa. Nilipokea fedha zangu, na nyumba niliyoijenga kwa fedha hizo ndiyo ninayolala mpaka leo.

Miaka yote nilijiambia kwamba ule ulikuwa mti tu. Usiku ule mlimani, meno yakigongana, nilimfikiria mzee wa miaka 73 aliyevuka bahari mbili ili asimame chini ya mti kama ule, nikajua kwa nini mdomo wangu ulikuwa mwepesi kusema sina sharti. Sikuwahi kulala chini yake hata usiku mmoja.

Kulipopambazuka mbega walianza kunguruma mitini, na mpwa wangu akaniletea chai. Aliniuliza kama nimelala. Nilimjibu kwamba sikulala, lakini mara nyingine atakaponialika awalete na watoto.

Nawe msomaji, ikiwa wazee wako wamekuachia mti, usingoje mgeni wa mbali aje kukueleza thamani yake. Chukua mkeka, ukalale chini yake usiku mmoja. Asubuhi, akija mnunuzi, utajua la kumjibu.