Max Perutz na Siri ya Damu

Max Ferdinand Perutz alizaliwa Vienna, Austria, tarehe 19 Mei 1914, katika familia ya wenye viwanda vya nguo, yenye asili ya Kiyahudi. Alibatizwa Mkatoliki. Wazazi wake walitaka asome sheria. Yeye akachagua kemia. Mwaka 1936 alikwenda Cambridge, Uingereza, na mwaka uliofuata akaanza kuchunguza himoglobini, protini inayobeba oksijeni katika damu.

Ili kuielewa kazi yake, fikiria shanga zinazouzwa Kariakoo. Protini ni kama uzi wa shanga ziitwazo asidi amino, ambazo zina aina 20. Uzi wa himoglobini hauwezi kubeba oksijeni mpaka ujisokote na kujikunja, upate umbo lake. Umbo hilo ndilo Perutz alilolitafuta, kwa kupitisha eksirei katika fuwele za himoglobini ya farasi.

Njia haikuwa nyepesi. Mwaka 1938 Hitler aliitwaa Austria, na wazazi wake wakawa wakimbizi. Mwaka 1940 Waingereza walimkamata kama raia wa nchi adui, wakampeleka kizuizini hadi Kanada. Alipoachiwa alirudi kwenye fuwele zake. Mwaka 1953 alipata ufunguo: kupachika atomi za zebaki kwenye protini. Mwaka 1959, baada ya miaka 22, umbo likaonekana.

Himoglobini ina minyororo 4. Kila mmoja umekunjwa karibu sawa na mayoglobini ya misuli ya nyangumi, ambayo John Kendrew, mwenzake, aliichunguza. Umbo lilelile limerudiwa mara 4, na kila moja limeshika atomi moja ya chuma. Wote wawili walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1962.

Katika kitengo alichokiongoza Perutz, Vernon Ingram alionyesha mwaka 1956 na 1957 kwamba katika ugonjwa wa selimundu hubadilika shanga moja tu, kati ya zaidi ya 140 za mnyororo mmojawapo. Familia nyingi za jijini zinazopeleka watoto wao Muhimbili zinaujua ugonjwa huo. Basi wapendwa, tusiuite laana, wala tusimtupie mama lawama. Mtoto huugua kwa sababu amerithi kasoro kwa baba na kwa mama pia.

Perutz alifariki tarehe 6 Februari 2002. Uvumilivu wake umetuachia ukweli unaoweza kurudisha amani nyumbani.