Makoto Nishimura: Profesa wa Mimea Aliyeipa Roboti Uso

Ukitaja roboti pale kantini, mjadala unaelekea upande mmoja tu: zitatunyang'anya ajira. Sawa, ajira ni jambo zito, hasa kwetu tunaokaribia kuvaa joho. Lakini mimi nina swali jingine. Kwa nini roboti fulani tukiiona tunatabasamu, na nyingine tunarudi nyuma hatua mbili hata kabla haijafanya lolote? Sehemu kubwa ya jibu iko usoni. Na mmoja wa watu walioliona jambo hili mapema wala hakuwa mhandisi. Alikuwa mwanabiolojia wa Kijapani, Makoto Nishimura.

Nishimura alizaliwa mwaka 1883 katika mkoa wa Nagano. Alifundisha Manchuria, kisha akavuka bahari hadi New York, na mwaka 1920 akapata shahada ya uzamivu katika botania kutoka Chuo Kikuu cha Columbia. Aliporudi kwao akawa profesa Hokkaido, akichunguza marimo, mwani wa ziwani unaojiviringa kama mpira wa kijani. Yaani mambo yake yalikuwa yamenyooka. Lakini mwaka 1927 tunamkuta Osaka, kwenye gazeti la Osaka Mainichi. Profesa mzima kaacha chuo, kaenda gazetini!

Huko ndiko roboti ilikozaliwa, na chanzo chake ni tamthilia. Mwandishi wa Kicheki Karel Čapek alikuwa ametoa R.U.R., mchezo ulioipa dunia neno roboti, kutokana na neno la kwao lenye maana ya kazi ya kulazimishwa, ile ambayo wazee wetu wa pwani waliiita shokoa. Katika mchezo huo watumwa hao wa kutengenezwa wanaasi na kuwamaliza binadamu. Mwaka 1924 ulichezwa Tokyo. Nishimura hakuikubali picha hiyo. Kwake yeye binadamu ni mtoto wa maumbile, na chochote anachokiunda binadamu ni kama mjukuu wa maumbile. Sasa mjukuu unamfanyaje mtumwa?

Basi akaunda yake. Mwaka 1928, kwenye maonyesho ya Kyoto ya kusherehekea kutawazwa kwa mfalme mpya, watu waliiona Gakutensoku, jina lenye maana ya kujifunza kutoka kanuni za maumbile. Ilikuwa jitu la rangi ya dhahabu, refu zaidi ya mita 3, limeketi mezani. Mkono wa kulia ulishika kalamu yenye umbo la mshale, wa kushoto ulishika taa. Ndege wa bandia aliyekuwa juu yake akilia, Gakutensoku ilifumba macho na uso ukawa wa mtu anayewaza. Taa ikiwaka, ilianza kuandika. Ndani yake hewa ilisukumwa kupitia mirija ya mpira, na hewa hiyo ndiyo iliyougeuza uso polepole, kama mtu anayepumua.

Mwaka huohuo London nao walikuwa na roboti yao, Eric. Hiyo ilivaa bati kama askari wa zamani, kifuani imeandikwa R.U.R., na mdomoni ilitoa cheche. Linganisha sasa. Eric ilisimama na kuhutubia. Gakutensoku ilikaa kimya na kutafakari. Moja inakwambia hii ni mashine, kaa mbali. Nyingine inakwambia hapa yupo mtu, sogea. Watu wawili wanaweza kuunda vyuma vinavyofanana, lakini uso ndio unaoamua kama tutaviona mtumwa, adui au ndugu.

Nishimura alikwenda mbali zaidi: uso ule aliuchanganya maumbo ya watu wa mataifa mbalimbali, ili usiwe wa taifa moja. Hapo ndipo mimi ninapomheshimu na kumhoji kwa pamoja. Uso wa binadamu wote ulionyeshwa kwenye sherehe za dola ambayo wakati huo ilikuwa ikiitawala Korea na Taiwan. Uso mpole haumwambii mtazamaji nani anashika mpini.

Baadaye Gakutensoku ilipelekwa Ujerumani, ikapotea huko. Nishimura alifariki mwaka 1956. Mwaka 1970 Mjapani mwingine, Profesa Masahiro Mori, aliandika kwamba roboti ikifanana nasi kiasi tunaipenda, lakini ikikaribia kabisa kuwa mtu, na bado kuna kitu hakijakaa sawa, tunaingiwa na ubaridi. Gakutensoku ilikwepa shimo hilo: kwa ukubwa wake na dhahabu yake, haikujaribu kumdanganya mtu kwamba ni binadamu. Mwaka 2008 jumba la sayansi la Osaka lilionyesha nakala yake, nayo inafumba na kufumbua macho.

Wenzangu wa uhandisi na kompyuta mnaoandaa miradi ya mwaka wa mwisho, msiache uso uwe kazi ya dakika ya mwisho, macho mawili na tabasamu la kubandika. Na sisi wengine, siku mashine yenye sura nzuri itakapotukaribisha benki au hospitali, tuitazame usoni, halafu tuulize ni ya nani na taarifa zetu inazipeleka wapi.