James Lighthill na Mkondo wa Bahari

Zamani majahazi kutoka Uarabuni yalifika Dar es Salaam kwa upepo wa kaskazi, yakarejea kwa kusi. Kusi ivumapo, mkondo wa bahari wa pwani ya Somalia nao hugeuka kuelekea kaskazini. James Lighthill, bingwa wa hisabati wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1924, alitafuta sababu kwa hesabu. Mwaka 1969 alionyesha kwamba pepo za mbali huanzisha mawimbi yaendayo magharibi kwa kufuata ikweta, nayo huweza kuujenga mkondo huo kwa mwezi mmoja hivi. Vipimo vya baadaye vilidhihirisha kwamba upepo wa pwani nao huusukuma. Lighthill alifariki baharini mwaka 1998, akiogelea kukizunguka kisiwa cha Sark, karibu na Ufaransa.