Emin Pasha na Mashamba ya Wadelai

Ndugu askari wa jeshi na wa polisi, wengi wetu tumelelewa na wakulima, na siku ya kustaafu itakapowadia wengi wetu tutalirudia jembe. Lakini mwili utakaorudi shambani hautakuwa ule uliotoka. Kwa sababu hiyo tumeona inafaa kusimulia maisha ya mtawala mmoja aliyelima katika nchi hii ya West Nile, akalazimika kubadili kilimo chake kadiri miaka ilivyosonga.

Mtawala huyo ni Emin Pasha. Alizaliwa tarehe 28 Machi 1840 mjini Oppeln, mji ambao leo umo katika nchi ya Poland, akaitwa Eduard Schnitzer. Alisomea udaktari, akawatumikia Waturuki, na mwaka 1876 akafika Lado, kwenye Nile ya juu, akiwa daktari wa serikali ya Misri chini ya Gordon. Mwaka 1878 akafanywa gavana wa Jimbo la Equatoria.

Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 38, naye alilima kwa hesabu ya serikali. Alianzisha kilimo cha pamba, nili, kahawa na mpunga, ili jimbo lijipatie mapato. Mahitaji mengine yaliletwa na meli kutoka Khartoum.

Januari 1885 Khartoum ilitekwa na majeshi ya Mahdi, na njia ya mto ikafungwa. Mwaka huo Emin alihamishia makao yake Wadelai, ukingo wa magharibi wa Nile, upande ambao mtu wa Logiri huufikia akiteremka kutoka nyanda za juu kuelekea mtoni. Sasa alikuwa na miaka 45, na soko halikuwapo tena. Pamba ikafumwa nguo za kuwavika askari. Asali ikashika nafasi ya sukari, nta ikafanywa mishumaa, na mbegu za mmea wa jamii ya bamia zikakaangwa badala ya kahawa. Familia za askari zililima viwanja kando ya boma.

Hata hivyo, tusiifiche kasoro. Chakula kingi kilitozwa kwa wenyeji kama kodi, na mara nyingine vikosi vilikwenda kukichukua kwa nguvu. Raia aliyenyang'anywa mtama wake hawi rafiki wa boma. Askari mwenye shamba lake mwenyewe hana haja ya kugusa ghala la mwananchi.

Agosti 1888 sehemu ya askari waliasi, wakamfunga Emin huko Dufile hadi Novemba. Aprili 1889 aliondoka pamoja na Stanley kuelekea pwani. Wengi wa askari wake walibaki nyuma, na kizazi chao ni miongoni mwa Wanubi tulio nao leo.

Kwa wakati huo macho ya Emin yalikuwa yamefifia mno, hata akalazimika kuisogeza karatasi karibu na uso ndipo asome. Desemba 1889, katika karamu ya Bagamoyo, alianguka kutoka ghorofani, akaumia vibaya. Alipopona aliingia katika utumishi wa Wajerumani, akaanzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890. Akarudi tena safarini, na Oktoba 1892 akauawa mashariki ya Kongo, akiwa na miaka 52. Hakupata uzee wa kupumzika katika bustani yake.

Sisi tunaweza kuupata, tukijiandaa mapema. Mwenye nguvu na apande mazao ya kuuza. Nguvu zikipungua, na apande yatakayolisha nyumba: muhogo, maharage, ufuta. Macho na mgongo vikichoka, na aisogeze bustani karibu na mlango, apunguze ekari, aache miti ya matunda aliyoipanda ujanani imtunze. Kupunguza shamba kwa wakati wake si kushindwa. Ni sawa na kamanda anayelivuta boma lake nyuma kabla halijazingirwa.