Mchungaji Johannes Rebmann: Msafiri Aliyejua Kungoja

Msomaji anaweza kujiuliza kwa nini katika kitabu cha miaka mia ya usharika wa nyanda za juu kusini kuna sura ya mtu ambaye hakukanyaga kamwe ardhi ya Ubena, Ukinga wala Upangwa, tena aliyetumwa na chama cha Kanisa la Kiingereza wala si na Misioni ya Berlin iliyotuletea Injili. Jibu ni kwamba mtu huyu aliliwaza Ziwa Nyasa na nchi zinazolizunguka miaka karibu arobaini kabla ya wamisionari wa Berlin kufika. Aliliombea, akajifunza lugha ya watu wa ng'ambo yake, akachora ramani yake (tena vibaya, kama tutakavyoona), lakini hakuliona. Habari zake zinastahili kusimuliwa hapa kabla ya habari za wale waliofika.

Johannes Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika kijiji cha Gerlingen, karibu na mji wa Stuttgart, katika nchi ya Württemberg iliyopo kusini ya Ujerumani ya leo. Watu wa kwao walikuwa wakulima wa mizabibu, na hata jina lake la ukoo maana yake ni mtu wa mizabibu. Alilelewa katika Kanisa la Kilutheri la nchi ile, miongoni mwa Wakristo wa uamsho waliokutana majumbani kusoma Biblia na kusikiliza habari za misioni za mbali. Kijana wa mkulima wakati ule hakuwa na njia ya kuiona dunia. Nauli ya meli ilikuwa mali ya matajiri, na wengi wa rika lake waliishi na kufa wakiwa wameuona mji mmoja au miwili tu. Rebmann alitamani kwenda, lakini alitaka kutumwa. Mwaka 1839 alipokelewa katika chuo cha Misioni ya Basel kule Uswisi, akakaa huko miaka kadhaa akisoma. Mwaka 1844 akapelekwa London katika chuo cha CMS, na mwaka 1845 akabarikiwa kuwa mchungaji. Ikumbukwe kwamba siku zile Kanisa la Kiingereza lilikuwa na fedha na meli lakini watu wake wachache ndio walioitikia wito, ilhali Walutheri wa Württemberg walikuwa na watu bila fedha. Hivyo vijana wengi wa Kilutheri walitumika chini ya Waingereza, na hakuna aliyeona ajabu.

Alifika Mombasa mwezi wa Juni 1846. Huko alimkuta Mchungaji Johann Ludwig Krapf, Mwürttemberg mwenzake, aliyekuwa amefika miaka miwili kabla na kumzika mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga muda mfupi tu baada ya kuwasili. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule wawili hao, wote wakiwa wagonjwa wa homa, walipanda vilima vya Rabai kuanzisha kituo chao kati ya Wamijikenda. Krapf alikuwa mtu wa mawazo makubwa. Aliota mnyororo wa vituo vya misioni kutoka bahari ya mashariki hadi ile ya magharibi. Rebmann alikuwa mpole zaidi, mtu wa kufuata jambo moja mpaka mwisho wake. Naye alikuwa na ndoto yake: kufika Unyamwezi, na kutoka hapo kufika katikati ya bara.

Safari yake inayojulikana kuliko zote ilianza tarehe 27 Aprili 1848. Aliondoka Rabai pamoja na kiongozi Mswahili aliyeitwa Bwana Kheri, mzoefu wa njia za misafara, na wapagazi wachache. Mkononi alishika mwavuli, kwa maana hakutaka kuhubiri Injili akiwa na silaha. Wenyeji wa pwani walikuwa wamemwonya juu ya mlima mkubwa ulioko mbele, kwamba una mapepo yanayoua watu. Wengine waliamini kwamba ule weupe wa kileleni ni fedha. Ilisimuliwa pia kwamba mtawala mmoja wa Machame aliwahi kutuma watu wapande kuutazama, na karibu wote walikufa.

Walipita Taita. Asubuhi ya tarehe 11 Mei aliona juu ya milima kitu cheupe kinachong'aa, akadhani ni wingu. Alimwuliza kiongozi wake, naye hakuwa na jina la kitu kile. Alijua tu kukiita baridi. Rebmann akaelewa papo hapo kwamba ile ni theluji. Sisi tunaokaa nyanda hizi, tunaoamka mwezi wa Juni na Julai na kukuta majani yamekuwa meupe kwa sakitu, tunaweza kuelewa kuliko watu wa pwani jinsi neno lile moja lilivyotosha. Alikaa chini kupumzika, akafungua Biblia yake akasoma Zaburi ya 111, ambayo huzungumza juu ya matendo makuu ya Bwana. Aliandika baadaye kwamba Zaburi hiyo ilimgusa kwa nguvu mbele ya mlima ule. Kisha akaendelea hadi Kilema kwa Mangi Masaki.

Kule Ulaya habari yake haikupokelewa kwa furaha na wote. Ilipochapishwa mwaka 1849, mtaalamu wa jiografia wa London, William Desborough Cooley, aliyekuwa akichora ramani za Afrika akiwa mezani kwake, alikataa katakata kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Alidai kwamba macho ya mmisionari yalimdanganya. Rebmann hakuwa na namna ya kujitetea ila kusema alichokiona. Ilimbidi angoje miaka zaidi ya kumi, hadi Baron Karl Klaus von der Decken alipofika mlimani mwaka 1861, na tena mwaka 1862 alipopanda pamoja na Otto Kersten hadi zaidi ya meta 4,000 na kuangukiwa na theluji. Leo mojawapo ya barafu za Kilimanjaro huitwa kwa jina la Rebmann, ingawa barafu hizo zinazidi kupungua mwaka hata mwaka.

Lakini mlima haukuwa shabaha yake. Mwisho wa mwaka 1848 alisafiri tena, na mwanzoni mwa 1849 alifika Machame kwa Mangi Mamkinga, aliyempokea kwa wema. Hapo moyo wake ukainuka. Mwezi wa Aprili 1849 aliondoka Rabai kwa mara ya tatu, safari hii na wapagazi wapatao thelathini na bidhaa nyingi za kulipia njia, akikusudia kupita Machame mpaka Unyamwezi. Mvua kubwa iliwanyeshea. Walipofika Machame mambo yalikuwa yamegeuka. Mamkinga alidai nguo na shanga kidogo kidogo, leo hiki na kesho kile, mpaka mali yote iliyokusudiwa kumfikisha Unyamwezi ikaisha pale pale.

Rebmann alilia mbele ya mangi. Alipoulizwa sababu, kiongozi wake alijibu kwamba anaililia mali yake. Yeye akakanusha. Alieleza kwamba vitu vile vilitolewa na watu wema wa kwao ili Kitabu cha Uzima kiwafikie watu wote wa Afrika, na hilo ndilo lililomliza. Kwa maoni ya mwandishi, mahali hapa ndipo panapomwonyesha Rebmann vizuri zaidi kuliko pale penye theluji. Alirudi Rabai mwezi wa Juni akiwa mgonjwa na mikono mitupu. Safari ya Unyamwezi ilikwisha, wala hakuianza tena. Tusimhukumu Mamkinga kupita kiasi. Naye alikuwa mtawala aliyezungukwa na maadui, na mgeni anayepita na mizigo kuelekea kwa wengine alikuwa fumbo kwake.

Mwaka 1851 alikwenda Misri, akamwoa Emma Tyler, akarudi naye Rabai. Mtoto wao alifariki akiwa mchanga sana. Mwaka 1853 Krapf aliondoka kwa sababu ya ugonjwa. Mwaka 1855 aliondoka mwenzao Jakob Erhardt. Wakabaki wawili.

Kama hakuweza kwenda barani, alianza kuwaita watu wa bara waje kwake. Katika mji wa Mombasa alikuwapo mtumwa aitwaye Salimini, aliyekamatwa katika nchi za magharibi ya Ziwa Nyasa. Kuanzia mwaka 1853 Rebmann aliketi naye, neno kwa neno, akiandika lugha ya watu wa Nyasa, ambayo ni jamaa ya Kichewa cha leo. Fikiri, msomaji: mtu aliyeporwa kwao na kuuzwa, na mtu aliyeacha kwao kwa hiari, wameketi pwani wakiandika maneno ya nchi ambayo mmoja hakuruhusiwa kuirudia na mwingine hakuweza kuifikia. Kazi kubwa ya kamusi ile ni ya Salimini, na jina lake lapasa kukumbukwa pamoja na la Rebmann.

Wakati huo huo Rebmann na Erhardt walikusanya habari kutoka kwa wafanyabiashara wa misafara. Kila njia, iwe ya kutoka Kilwa, Bagamoyo au Tanga, ilisemekana kuishia kwenye maji makubwa. Wakakata shauri kwamba maji hayo yote ni bahari moja. Ramani yao, iliyojulikana sana mwaka 1856, ilionyesha ziwa moja kubwa ajabu lenye umbo la konokono asiye na gamba. Walikosea, kwa maana waliunganisha Nyasa, Tanganyika na Viktoria. Hata hivyo kosa lile liliwaamsha wataalamu wa London. Walimtuma Richard Burton na John Speke, ambao mwezi wa Januari 1857 walimtembelea Rebmann kituoni kwake Kisuludini. Ilipendekezwa aende nao, lakini hakwenda. Yule aliyetamani Unyamwezi kuliko wote aliwaacha wengine waende. Mwaka 1858 walifika Tanganyika, na Speke akaliona Viktoria. Mwaka 1859 David Livingstone alifika Ziwa Nyasa.

Miaka iliyofuata ina machache ya kusimulia, na pengine ndiyo iliyokuwa migumu zaidi. Wamasai walishambulia mwaka 1857, na kituo kikaachwa kwa muda. Waliobatizwa walikuwa wachache sana, mmojawapo mzee Abe Gunja. Emma alifariki mwaka 1866. Rebmann akabaki Mwulaya peke yake, akilima, akifundisha, akitafsiri Injili ya Luka kwa Kiswahili na kuendelea na kamusi zake. Macho yaliyoiona theluji yakaanza kufifia. Wageni waliofika miaka ya 1870 walimkuta karibu haoni kabisa, lakini angali kazini. Baadhi yao waliona kwamba misioni yake imeshindwa. Yeye hakuomba likizo hata mara moja. Tangu 1846 hakuwa amerudi Ulaya.

Alirudi mwaka 1875, baada ya miaka 29. Aliyemshika mkono njia nzima, kutoka Rabai mpaka melini na kutoka melini mpaka Ulaya, alikuwa Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja. Kijana wa Gerlingen aliyetaka kuongoza watu wa Afrika aliongozwa na mwana wa Afrika katika nchi aliyozaliwa, asiweze kuiona. Mwaka 1876 alioa tena, akakaa Korntal karibu na rafiki yake Krapf. Alifariki tarehe 4 Oktoba mwaka ule ule. Krapf naye alifariki mwaka 1881, akazikwa huko huko.

Kule Machame, mahali palipomliza, wamisionari wa Misioni ya Leipzig walifungua mwaka 1893 kituo chao cha kwanza cha Kilutheri chini ya Kilimanjaro. Kwa upande wetu mlango ulikuwa mwingine kabisa. Mwaka 1891 wamisionari wa Berlin wakiongozwa na Alexander Merensky walikuja kupitia Ziwa Nyasa lenyewe, wakaanza kazi Unyakyusa, na kutoka huko kazi ikapanda milima kuelekea Ukinga, Ubena na Upangwa. Kamusi ya lugha ya Nyasa ilikuwa imekwisha kuchapwa karibu na Basel mwaka 1877, ikiwa imetengenezwa na Krapf kutoka katika maandishi ya Rebmann, mwaka mmoja baada ya mwenye kazi kufariki.