Joginder Singh, fundi aliyejua kufika

Wadau, jana kijiweni hapa Goba madogo wa bodaboda walikuwa wanabishana nani anapandisha kilima kwa fujo zaidi. Nikawatajia Joginder Singh, wakanitolea macho. Hawamjui kabisa!

Haya, someni. Mzee huyu alizaliwa Kericho, Kenya, mwaka 1932. Baba yake alikuwa na gereji, naye ufundi akaupata humo humo. Safari Rally yake ya kwanza ilikuwa 1959. Enzi hizo mbio zilikatiza Kenya, Uganda na huku kwetu, tena msimu wa Pasaka, masika yenyewe. Tope mpaka basi!

Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant waliingia na Volvo PV544 iliyokwisha tumika, wakashinda. Akarudia 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Alikuwa wa kwanza kushinda Safari mara tatu.

Ila mimi kinachoniacha hoi ni hiki: alishiriki mara 22, akamaliza mara 19. Na hizo hazikuwa mbio za mchezo, jamani. Mwaka 1968 yalianza magari 93, yakafika 7 tu!

Alifariki London mwaka 2013, akiwa na miaka 81. Siyo mtaroni.

Naandika haya kwa sababu hapa mtaani tumeshazika madogo waliojua kukimbiza tu. Joginder alikuwa fundi, alijua chombo kinabeba nini na kinakataa nini. Ukishindana, shindana kufika. Au nyie mnaonaje?